SOMO: MGONJWA NA DAKTARI WAKE
Soma Marko 5:25-34

Wapendwa, yule mama alizunguka kwa waganga hadi mali ikamwishia. Yesu alisimama, akamwacha aeleze yote mbele ya watu.

Hapa Uganda, Nakivale au Kyangwali, daktari anaweza kusema Kiingereza na mgonjwa aliyetoka Kongo Kiswahili. Anaitwa jirani atafsiri, mgonjwa anaficha. Mwingine anagombezwa kwa kuchelewa siku mbili, mwezi ujao harudi.

Dawa za UKIMWI haziui virusi vyote, zinavizuia kuzaliana. Ukikatiza, vinaongezeka tena, na vinaweza kuizoea dawa. Basi usiseme umemeza zote kama hukumeza. Daktari atadhani dawa imeshindwa, akubadilishie bure. Mwambie ukweli: chakula kiliisha, napata kizunguzungu, mume wangu hajui. Omba mkalimani unayemwamini, tena asiwe mtoto wako. Uliza kipimo cha wingi wa virusi kimesemaje; visipoonekana kwenye kipimo, nawe ukiendelea na dawa, humwambukizi mwenzako kwa tendo la ndoa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa mwenye hali nzuri apewe dawa za miezi 3 hadi 6. Uliza hilo pia. Ukihama kambi, chukua barua ya uhamisho.

Anayekuambia utupe vidonge kwa kuwa umeombewa, usimsikilize, hata akiwa mchungaji.

Swali la kujadili: Ndugu aliyekosa kliniki miezi miwili akitaka kurudi, nani kati yetu atamsindikiza?