Mkutano wa Kila Juma: Tunachojifunza kwa Vilabu vya Huduma

Somo la toleo hili linahusu vilabu vya huduma, hususan Rotary, na namna utaratibu wao wa kukutana kila juma unavyoweza kutufaa sisi polisi pamoja na raia wa Kirewa. Tuanze kwa kuondoa utata wa neno. Katika vijiji vyetu mtu akisikia "kilabu" hufikiri mara moja chungu cha malwa na mirija yake mirefu. Kilabu tunachokizungumzia hapa si hicho, ingawa, kama tutakavyoona mbele, hata wanywaji wa malwa wana jambo la kutufundisha.

Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, na wakili Paul Harris na wenzake watatu. Walikutana kwa zamu, juma hili ofisini kwa mmoja, juma lijalo kwa mwingine, na kuzunguka huko ndiko kulikozaa jina. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1930, na Kampala mwaka 1957. Wengi wetu tumeiona alama yao, gurudumu lenye meno, kwenye vibao vya visima na kwenye matangazo ya chanjo ya polio. Kazi hiyo ya polio waliianza duniani kote mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya ugonjwa huo. Ni miaka 35 ya kurudia jambo lile lile bila kuchoka. Mganda Sam Owori, jina ambalo masikio ya Tororo hayahitaji kuelezwa asili yake, alichaguliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia kwa mwaka 2018 hadi 2019. Alifariki Julai 2017 kabla ya kushika kiti. Katika kipindi cha uanachama wake vilabu vya Uganda viliongezeka kutoka 9 hadi 89.

Vilabu hivyo havikui kwa sababu ya fedha peke yake. Siri yao, kwa maoni yetu, imo ndani ya ile saa moja ya mkutano.

Siku haibadiliki. Kama ni Jumanne, basi ni Jumanne, kuwe na mvua au kiangazi. Rais wa klabu hugonga kengele kwa saa iliyowekwa, hata kama waliofika ni wachache. Wageni hutambulishwa kwa majina. Matangazo hutolewa kwa ufupi, kisha msemaji mgeni hupewa muda: daktari, mwalimu, mkulima, ofisa wa polisi. Yupo pia msimamizi wa nidhamu, ambaye kazi yake ni kutoza faini ndogo ndogo. Aliyechelewa hulipa, aliyeacha simu ikalia hulipa, na watu hucheka. Lakini fedha ile huandikwa na kuingia katika mfuko wa huduma. Mahudhurio huhesabiwa, na mwanachama aliyekosa mkutano wa klabu yake anaweza kuhudhuria klabu nyingine ili kuziba pengo. Tangu mwaka 2016 vilabu vimeruhusiwa kukutana walau mara mbili kwa mwezi, lakini vingi havikuiacha desturi ya kila juma. Uongozi nao hubadilika kila tarehe 1 Julai. Rais hukaa mwaka mmoja, kisha hurudi kuketi pamoja na wenzake.

Aidha wanacho kipimo cha maswali manne, kilichotungwa na mfanyabiashara Herbert Taylor mwaka 1932. Kwa ufupi, kila neno na tendo hupimwa kama ni la kweli, kama ni la haki kwa wote, kama litajenga urafiki, na kama litawafaa wote wanaohusika. Tumewahi kufikiri kwamba maswali hayo yangefaa kubandikwa kwenye dawati la kupokelea malalamiko katika kila kituo.

Je, haya ni mambo ya wageni wa mjini? Hasha. Kundi la malwa lililo imara lina mwenyekiti, lina mweka hazina, na lina faini kwa atakayemtukana mwenzake penye chungu. Vikundi vya kuzikana vina daftari la michango. Vikundi vya akiba huweka sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kirewa inajua kukutana kwa utaratibu. Inalolikosa ni kuutumia ujuzi huo katika suala la usalama.

Tazama baraza zetu za usalama zinavyoitishwa. Ng'ombe ameibwa, baraza linaitwa. Mtoto amenajisiwa, baraza linaitwa. Watu hufika wakiwa na hasira, polisi hufika wakiwa wamechelewa, na mwenyekiti wa LC1 hubaki katikati akitupiwa lawama na pande zote. Mkutano unaozaliwa na tukio hufa pamoja na tukio. Kisha inakuja siku ambayo kijana asiyejulikana anakutwa njiani usiku, sauti ya "mwizi!" inapigwa, na hakuna hata mtu mmoja penye umati ule aliyezoea kusema "subirini" na kusikilizwa. Hapo ndipo watu hujichukulia sheria mkononi, na asubuhi tunaokota maiti badala ya mtuhumiwa. Aliyerusha jiwe moja hujiona hakufanya kubwa, lakini sheria humtazama kama mshiriki wa mauaji.

Watu wanaokutana kila juma hujuana. Humjua mgeni ni mgeni wa nani. Humjua bodaboda aliyeanza kulala nje, na nyumba ambayo mama haonekani sokoni tena. Taarifa hizo hutufikia mapema, zikiwa bado ndogo. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 212, inatuagiza polisi kushirikiana na wananchi kwa jumla. Haikusema tushirikiane nao siku ya msiba pekee.

Hata hivyo, tuseme wazi mipaka. Klabu ya huduma si tawi la upelelezi, na mwanachama asigeuzwe kuwa mpelelezi wa majirani zake. Wala si kikosi cha mgambo. Na ofisa wa polisi anayejiunga huketi pale kama raia mwingine: akikamatwa mwanachama mwenzake, sheria ni ile ile. Twaonya pia juu ya klabu kuchangia mafuta ya gari la kituo. Nia huwa njema, lakini maskini asiyechangia ataona kwamba gari lile si lake.

Kwa wakazi wa kijijini ambao mikutano ya mjini ni mbali, Rotary ina mpango ulioanzishwa mwaka 1986 unaowawezesha watu wasio wanachama kuunda kikundi cha huduma katika jamii yao, chini ya ulezi wa klabu iliyo karibu. Watu kumi wanatosha kuanza. Kazi wanazichagua wenyewe: kusafisha kisima, kufyeka kona inayoficha wezi, kuwasindikiza watoto wanaovuka barabara kuu.

Kikundi chochote kinachokutana kwa siku maalumu, kiwe cha Rotary, cha akiba au cha kuzikana, kinaweza kutuita tuje kuwa wasemaji. Tukija tutaeleza yale ambayo wengi hawayajui: kwamba dhamana ya polisi haina malipo, na kwamba mtuhumiwa asipoachiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Mwandikieni mkuu wa kituo juma moja kabla, mtaje siku, saa na mahali. Hatuhitaji posho wala nauli. Tukichelewa, mtutoze faini kama wengine.