Kumbukumbu Nazo ni Mali ya Mradi: Somo kwa Kamati za Parokia

Tukiulizwa mali ya mradi ni zipi, wengi wetu tutataja kisima, jengo, pikipiki na fedha zilizoko benki. Karatasi tunazisahau. Lakini ni karatasi hizo zinazoonyesha kiwanja ni cha nani, pampu ilishushwa kina gani na fedha zilitumikaje. Katika somo hili tunajifunza namna kamati inavyoweza kuweka mkakati wa kutunza kumbukumbu, ili mradi usitegemee kichwa cha mtu mmoja wala mkoba wa mtu mmoja.

Kwa nini tutunze kumbukumbu?

Chukueni mfano wa kisima kirefu. Wachimbaji wakimaliza kazi hutoa taarifa inayoonyesha kina cha kisima, maji yanapoanzia, kiasi cha maji kinachopatikana kwa saa, na kipenyo cha mabomba. Baada ya miaka kadhaa pampu inaharibika. Taarifa ikiwepo, fundi anajua aagize pampu ya nguvu gani. Isipokuwepo, itabidi kupima upya kwa gharama, au kamati inunue pampu kwa kubahatisha. Wakati huo wote akina mama wamerudi kuchota maji mtoni.

Ndivyo ilivyo kwa ardhi. Mzee anatoa kiwanja cha shule ya chekechea kwa moyo mwema, watu wanapiga makofi, ujenzi unaanza. Akifariki, watoto wake hawana kosa wakiuliza: Baba alitoa hatua ngapi, na nani alishuhudia? Barua ya mzee yenye sahihi za mashahidi, muhtasari wa kikao cha kijiji na hati iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 vitajibu swali hilo bila ugomvi.

Hatua ya 1: Orodhesheni mlivyo navyo

Watu wawili wa kamati wapite ofisini, nyumbani kwa katibu na kwa mtunza hazina, na waangalie pia kompyuta na simu. Siku hizi mihtasari na picha za risiti nyingi zimo kwenye simu ya mtu binafsi. Simu ikiibiwa, kumbukumbu zimekwenda nayo. Kwa kila kitu andikeni: ni nini, ni cha mwaka gani, kiko wapi, nani anakitunza.

Hatua ya 2: Amueni kila kumbukumbu itakaa muda gani

(a) Za kudumu: hati za ardhi, cheti cha usajili na katiba, mihtasari ya mikutano, michoro ya majengo na ya mabomba, taarifa ya uchimbaji wa kisima na kibali cha kutumia maji.

(b) Za muda: vocha za malipo, risiti, taarifa za benki na mikataba ya manunuzi. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5. Mkataba wa mfadhili waweza kutaka muda mrefu zaidi, hivyo usomeni vizuri na mfuate muda ulio mrefu.

(c) Za kupita: mialiko, matangazo na nakala za ziada. Hizi zisijaze kabati.

Hatua ya 3: Jalada, namba na mtu

Kila mradi uwe na jalada lake lenye namba, na namba hiyo hiyo itumike kwenye kompyuta. Wekeni daftari la kuazima: anayechukua jalada aandike jina, tarehe na siku ya kurudisha. Mchagueni mtu mmoja wa kuwajibika, na msaidizi wake.

Hatua ya 4: Zilindeni

Risiti za mashine za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga. Zitoeni nakala mapema, kisha mbane nakala na risiti yenyewe pamoja. Majalada yasikae sakafuni wala kugusa ukuta, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Kumbukumbu za kompyuta ziwe na nakala tatu, na moja ikae nje ya jengo hilo, kwa mfano makao makuu ya jimbo. Moto ukitokea hautateketeza zote.

Orodha za yatima, wagonjwa na wanaopokea misaada zifungiwe kwa kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo, na heshima ya watu hao inatudai zaidi.

Hatua ya 5: Makabidhiano na uteketezaji

Uongozi unapobadilika, orodha ya Hatua ya 1 isomwe mbele ya kamati zote mbili, jalada kwa jalada, na pande zote zitie sahihi. Nywila za kompyuta na za barua pepe zikabidhiwe pia, kisha zibadilishwe. Muda wa kumbukumbu ukiisha, kamati ipitishe azimio, watu wawili washuhudie zikichomwa, na orodha ya zilizochomwa ibaki. Kama kuna ukaguzi au kesi inayoendelea, msichome kitu.

Neno kwa wafadhili wetu

Kabati la chuma, diski ya kuhifadhia nakala na mafunzo ya siku mbili havipendezi kwenye picha kama kisima kinachobubujika. Hata hivyo tunawaomba mvikubali kwenye bajeti tangu mwanzo. Kamati isiyowezeshwa kutunza risiti haiwezi kuzitoa siku mkaguzi anapofika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Hati ya kiwanja chetu iko wapi leo, na ni nani aliyeiona kwa macho mwaka huu?
2. Katibu wetu akihama kesho, ni kumbukumbu zipi zitaondoka naye?
3. Nani ataanza kazi ya kuorodhesha, na ataleta orodha kikao cha tarehe ngapi?