"Kadenge na Mpira": Mwanasoka Aliyehifadhiwa na Lugha

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita Mamboleo, palipo na Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Baadaye hupanda vilima vya Vihiga, nyumbani kwao Joe Kadenge. Uwanja huo una jina la mwanasiasa. Jina la mwanasoka huyu limehifadhiwa pia katika Kiswahili. Makala haya yanachunguza uhifadhi huo.

2. Maisha

Kadenge alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya United, klabu iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards. Aliichezea pia timu ya taifa, na mwaka 2002 akawa kocha wake. Alifariki tarehe 7 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Alisifika kwa chenga. Enzi zake runinga ilikuwa ya wachache. Wengi walimwona kwa masikio, kupitia sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025.

3. Kauli na muundo wake

Mbotela alizoea kutamka: "Kadenge na mpira, Kadenge na mpira..." Kisarufi, kauli hii yafaa kutazamwa kwa njia mbili. Kwanza, ni ufupisho wa "Kadenge ana mpira", ambapo kiambishi cha nafsi *a-* kimedondoshwa kwa sababu ya kasi ya mchezo. Pili, *na* ni kiunganishi, na kwa maana hiyo mtu na mpira ni wenzi wasiotengana. Maana zote mbili zinamfaa mchezaji wa chenga. Takriri nayo inatenda kazi: maadamu mtangazaji anarudia, msikilizaji anajua kwamba mpira haujanyang'anywa.

4. Hitimisho

Sajili ya utangazaji hudharauliwa kwa kuwa sentensi zake ni pungufu. Hata hivyo, sentensi pungufu ya maneno matatu imembeba Kadenge hadi kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Ni dhahiri basi kwamba matangazo ya zamani ya redio ni fasihi simulizi, nayo yastahili kukusanywa kabla wasimulizi na wasikilizaji wake hawajaisha. Asiyehifadhiwa kwa jiwe na ahifadhiwe kwa neno.

Maswali

1. Taja kauli nyingine mbili za watangazaji wa mpira zilizodondoshwa viambishi.
2. Je, takriri katika utangazaji inatofautianaje na takriri katika ushairi?