Usikimbilie Kupiga Windows

Wadogo zangu, swali la safari hii limenichekesha, kisha likanitonesha kidonda cha zamani. Mmoja wenu anasema laptopu yake akiiwasha anabandika maji ya chai, yanachemka, anamimina, anakunywa, ndipo inamruhusu kufungua barua pepe. Fundi wa mtaani kwao kamwambia alete, "nitakupigia Windows upya." Ananiuliza: dada, nimpelekee?

Bado, mdogo wangu. Subiri kwanza.

Kupiga Windows kwetu kumekuwa kama panadol. Kompyuta nzito, piga Windows. Printa haisomi, piga Windows. Kweli, mashine ikitoka kwa fundi inakimbia, lakini baada ya wiki chache inarudi palepale, kwa sababu mizigo iliyoilemea unairudisha mwenyewe, mmoja mmoja. Mimi nilipokuwa chuo nilimpelekea kijana mmoja yangu. Akanirudishia safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Picha zote za sendofu ya dada yetu zilikuwa humo, na nakala sikuwa nayo. Mama ananiuliza habari za picha zile mpaka leo.

Basi kaa mbele ya mashine yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tafuta palipoandikwa Startup, ubonyeze. Hayo unayoyaona ni majina ya programu zinazoamka zenyewe kila unapowasha, bila kukuomba ruhusa. Wengi wakiiona orodha hiyo mara ya kwanza huguna. Programu ya muziki uliyoisikiliza mara moja. Ya mikutano uliyoipakua kwa usaili mmoja wa kazi. Ya printa uliyoiuza. Msaidizi wa apdeti wa kitu ambacho hata hukikumbuki. Wote wamekaa mlangoni alfajiri, wanasukumana kuingia kabla yako.

Pembeni ya kila jina Windows imekuandikia uzito wake: High, Medium au Low. Anza na wenye High usiowahitaji asubuhi. Bonyeza jina, kisha Disable. Usiogope, hujaifuta. Programu ipo, utaifungua siku ukiitaka. Umeiambia tu isiamke kabla hujaiita. Usiguse antivairasi, wala vitu vya sauti na vya padi ya kugusa (touchpad), na kama OneDrive ndiyo inayokutunzia nakala za kazi zako, iache nayo. Jina usilolijua, liache kwanza ulitafute mtandaoni. Usifanye ushujaa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wazima na akili zao hawalijui. Tangu Windows 8, ukichagua Shut down mashine nyingi hazizimiki kabisa. Sehemu ya ndani ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ushahidi unao hapohapo: ndani ya Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, tazama Up time. Unaweza kukuta inakuambia mashine iko macho siku kumi na mbili, na wewe unaapa uliizima jana usiku. Anayeanza upya kwelikweli ni Restart. Kwa hiyo mara moja kwa wiki, bonyeza Restart, uende kuoga. Nusu ya "kompyuta yangu ina jini" huishia hapo.

Sasa tuje kwenye diski, maana hapa ndipo penyewe.

Ukiwa bado kwenye Performance, bonyeza Disk 0. Mashine itakuambia kama yako ni HDD au SSD. HDD ni ile ya zamani: ndani mna sahani zinazozunguka na mkono mwembamba unaokwenda huku na huku kutafuta, kama ule wa santuri. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Unaona kasi? Lakini mkono huo ukitakiwa kuchukua vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, unafika kwenye mara mia hivi kwa sekunde, basi. Sasa programu kumi zikiamka pamoja, kila moja ikidai mamia ya mafaili yake, mkono ni mmoja unaowahudumia wote. Ndiyo maana unaona Disk imeandikwa asilimia 100 na wewe hujafungua chochote. SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, nayo hujibu maelfu kwa maelfu ya maombi kwa sekunde.

Kwa hiyo nikuambie kama nilivyomwambia mdogo wangu wa tumbo moja: kama mashine yako ni ya mtumba na ina HDD, pesa uliyotaka kununulia laptopu nyingine, kata kipande chake ununue SSD ya GB 256. Fundi anaweza kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya kama kilivyo, bila kupiga Windows. Mwambie hivyo kwa kinywa chako, na nakala ya vitu vyako iwe nyumbani kabla hujatoka mlangoni. Kuongeza RAM nako kuna faida, ila mashine yenye RAM nyingi na diski ya zamani bado itakuchemshia chai.

Kupanga vipande vya diski, ile wanayoita difragi, inaifaa HDD peke yake. SSD usiifanyie. Haiongezi kasi, na kila uandishi wa bure unaila taratibu. Na hata kwenye HDD huna haja ya kukesha nayo, kwani Windows yenyewe hufanya kila wiki kwa ratiba yake na inajua diski ipi ni ipi. Ukikutana na programu inayokuahidi kuongeza kasi mara tano kwa kubofya mara moja, pita kama humjui. Hiyo nayo ni mgeni mwingine wa alfajiri.

Nafasi pia. Diski C ikijaa mpaka ukingoni, mashine inakosa pa kugeukia. Acha angalau sehemu moja kati ya saba tupu. Nenda Settings, System, Storage, ufute Temporary files. Lakini soma kila mstari kabla ya kuweka tiki, maana Downloads nayo imo kwenye orodha hiyo, na najua wengi wenu vyeti vya kuzaliwa na barua za kazi vinalala humo. Ukishamaliza, mwaga na Recycle Bin.

Umeme ndio adui wa kimyakimya. Laptopu nyingi za kwetu betri ilishakufa, zinaishi kwenye soketi kama friji. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili lile linaweza kuharibika, na likiwa la mfumo, asubuhi inagoma kuwaka. Betri mpya ni sehemu ya matunzo ya diski. Mwenye kompyuta ya mezani atafute UPS, hata ndogo, ya kumpa dakika chache za kuzima kwa adabu. Na HDD ikiwa inafanya kazi, msiibebe laptopu huku mnaikung'uta njia nzima toka sebuleni hadi kitandani.

Kabla ya kununua mashine ya mtumba Kariakoo au popote, mwombe muuzaji akuruhusu kufungua CrystalDiskInfo. Ni ya bure. Itakuonyesha afya ya diski, Good, Caution au Bad, na saa ilizofanya kazi tangu izaliwe. Muuzaji akikasirika kwa hilo, umeshapata jibu.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. Mdogo wangu wa chai, mwisho wa barua yako umeandika kama jambo dogo tu kwamba siku hizi inatoa mlio, "tk, tk, tk," kisha inaganda. Hapo habari ya Startup weka kando. Usiifanyie difragi, usiipime kwa chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, usiendelee na tamthilia yako usiku huu. Huo huenda ni mkono wa diski unaoshindwa kusoma, na kila dakika ya kuwaka inaweza kukupotezea vitu zaidi. Azima diski ya nje au flashi kubwa, iwashe mara moja, nakili kwanza picha na kazi za shule za watoto, muziki mwisho. Kisha izime, uniandikie umeokoa nini.