Ufahamu na Ufupisho: Kufungwa kwa Ghafla kwa Maduka ya Kamera



Somo hili linakuandaa kujibu maswali ya ufahamu na ufupisho yanayotokana na habari za sababu na matokeo. Habari za aina hii huwapotosha watahiniwa wengi kwa jambo moja: tukio lenyewe ni la siku moja, lakini sababu zake ni za miaka mingi. Anayesoma kwa haraka huishika siku na kuiacha miaka.

Ukimaliza somo hili uweze:
(i) kutofautisha sababu za msingi na sababu ya karibu;
(ii) kueleza maana ya maneno kama yalivyotumika katika habari;
(iii) kufupisha aya bila kupoteza mantiki yake.

A. KIFUNGU CHA HABARI

Soma kifungu hiki mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kalamu. Mara ya pili pigia mstari kila sababu.

*Aya ya 1.* Jumatano, tarehe 9 Januari 2013, kampuni ya kuuza kamera ya Jessops nchini Uingereza iliwekwa chini ya wasimamizi wa muda kwa sababu ya hali mbaya ya fedha. Siku mbili baadaye, Ijumaa, ilitangazwa kuwa maduka yake yote 187 yanafungwa. Wafanyakazi wapatao 1,370 walipoteza ajira. Ilikuwa wiki mbili tu baada ya Krismasi, lakini wateja waliokuwa na vocha za zawadi waliambiwa kuwa hazipokelewi tena, na waliotaka kurudisha bidhaa hawakuhudumiwa. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa na Frank Jessop mjini Leicester mwaka 1935. Kazi ya zaidi ya miaka 75 ilifungwa ndani ya siku tatu.

*Aya ya 2.* Ili kulielewa anguko hilo, tazama jinsi duka la kamera lilivyopata fedha zamani. Mteja alinunua filamu yenye nafasi ya picha 24 au 36. Ilipojaa, alirudi dukani ili isafishwe na picha zichapishwe. Alirudi tena kuzichukua, na mara nyingi aliondoka na filamu mpya, albamu au fremu. Kwa hiyo, mtu aliyenunua kamera mara moja aliingia dukani mara nyingi. Kamera ilikuwa mlango tu. Riziki ya duka ilitoka katika vitu vidogo vilivyonunuliwa tena na tena.

*Aya ya 3.* Kamera ya dijitali ilikata mzunguko huo. Mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali ya majaribio katika kampuni ya Kodak, ambayo yenyewe iliishi kwa kuuza filamu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa teknolojia hiyo kuwafikia watu wengi. Ilipowafikia, mteja hakuhitaji tena filamu wala kusafisha picha. Kwa muda fulani maduka yalipata nafuu, kwa kuwa watu walinunua kamera mpya za dijitali. Kisha zikaja simu za kisasa, kama iPhone ya mwaka 2007, na kwa watu wengi kamera ndogo ya mkononi ikawa mzigo. Januari 2012, Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Takwimu za umoja wa watengenezaji wa kamera wa Japani zinaonyesha kuwa kamera za dijitali zilizopelekwa sokoni mwaka 2010 zilizidi milioni 120. Mwaka 2021 hazikufika milioni 9.

*Aya ya 4.* Wakati huohuo, hata mauzo yaliyobaki yalihamia kwingine. Maduka makubwa ya vyakula yaliuza kamera pamoja na sukari na sabuni, na tovuti kama Amazon ziliziuza kwa bei ya chini kwa kuwa hazikulipia pango la duka katikati ya mji. Mteja aliweza kwenda dukani, akaishika kamera, akamuuliza mhudumu maswali kwa nusu saa, kisha akarudi nyumbani na kuinunua kwenye intaneti. Duka lililipa mshahara wa mhudumu na kodi ya pango. Faida ilikwenda kwa mwingine. Hatari haikuishia hapo. Maduka mengi huchukua bidhaa kwa mali kauli: hupokea mzigo leo na kulipa baada ya kuuza. Utaratibu huo husimama juu ya imani. Wasambazaji wakianza kuhofu kuwa hawatalipwa, hudai fedha taslimu au huacha kuleta mzigo. Duka lisilo na fedha hukosa bidhaa, na lisilo na bidhaa hukosa fedha. Faida hupungua kwa miaka. Imani huweza kutoweka kwa wiki moja.

*Aya ya 5.* Jessops haikuwa peke yake. Machi 2014, kampuni ya Calumet ya Chicago ilifunga maduka yake nchini Marekani kwa ghafla, na wateja wakatangaziwa kupitia Facebook. Jina la Jessops lilinunuliwa na mfanyabiashara Peter Jones, akafungua maduka machache mwaka huohuo wa 2013. Lakini mwaka 2019 kampuni iliyokuwa ikiyaendesha nayo ilikumbwa na matatizo ya fedha. Hata hivyo, upigaji picha haukufa. Watu wanapiga picha nyingi kuliko wakati wowote uliopita. Kilichokufa ni ulazima wa kupita dukani.

B. MSAMIATI

*Wasimamizi wa muda*: watu wanaoteuliwa kuiongoza kampuni iliyoelemewa na madeni ili waiokoe, au waokoe kilichobaki kwa faida ya wanaoidai.
*Vocha ya zawadi*: hati iliyolipiwa kabla, ambayo mwenye nayo huitumia kupata bidhaa dukani.
*Kusafisha picha*: kuitia filamu dawa ili picha zionekane.
*Pango*: malipo ya kukodi chumba au jengo.
*Mali kauli*: biashara ya kupewa bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye.
*Wasambazaji*: wanaopeleka bidhaa kutoka kiwandani au ghalani hadi dukani.

C. MBINU YA KUSOMA: SIKU NA MIAKA

Neno linalotega katika habari hii ni *ghafla*. Jiulize: ghafla kwa nani? Mteja mwenye vocha mfukoni aliona jambo la ghafla. Mfanyakazi aliyepata habari Jumatano na kukosa kazi Ijumaa aliona hivyohivyo. Lakini tukirudi katika aya ya 2 na ya 3, tunaona kuwa duka lilikuwa likipungukiwa kwa miaka. Kwa hiyo *ghafla* inaeleza siku ya kufungwa. Haielezi sababu ya kufungwa. Duka linaweza kufungwa ghafla bila kufilisika ghafla.

Panga sababu zako katika mafungu mawili:

*Sababu za msingi* ni zile zilizofanya kazi polepole: (i) kutoweka kwa mauzo ya filamu na kazi ya kusafisha picha, (ii) simu zenye kamera, (iii) ushindani wa maduka makubwa na tovuti, (iv) gharama za pango na mishahara ambazo hazikushuka mauzo yaliposhuka.

*Sababu ya karibu* ni ile inayofunga mlango siku yenyewe: fedha na msaada kukosekana. Wasimamizi wa Jessops walijadiliana na wadau wakuu wa kampuni kuhusu msaada zaidi, wakaona kuwa biashara haiwezi kuendelea.

Tazama pia namna sababu zinavyoshikana. Simu haikufunga duka moja kwa moja. Simu ilipunguza wanunuzi wa kamera. Wanunuzi walipopungua, mauzo yalishuka. Mauzo yaliposhuka, duka lilishindwa kubeba pango na mishahara. Waliolikopesha wakaingiwa na hofu. Ukiandika kwa mnyororo huo, msahihishaji ataona kuwa umeelewa. Ukiandika tu "simu zilifunga maduka", umetaja mwanzo na mwisho na kuacha katikati yote.

D. MASWALI NA MAJIBU YA MFANO

*1. Andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.*
Jibu: Anguko la Maduka ya Kamera.
Zingatia: kichwa "Kampuni ya Jessops" hakitoshi, kwa sababu habari inataja pia Calumet na Kodak, na inaeleza mabadiliko ya biashara nzima.

*2. Eleza maana ya "Kamera ilikuwa mlango tu" kama ilivyotumika katika aya ya 2.*
Jibu: Kuuza kamera kulimwingiza mteja katika uhusiano na duka. Faida kubwa ilitokana na filamu, kusafisha picha, albamu na fremu alizozilipia baadaye.
Zingatia: usieleze mlango wa nyumba. Swali linataka maana ndani ya habari.

*3. Kwa nini mwandishi anasema maduka yalipata nafuu kwa muda?*
Jibu: Kwa sababu watu waliacha kamera za filamu na kununua za dijitali, hivyo mauzo ya kamera yalipanda kabla ya simu kuchukua nafasi yake.

*4. Ni makundi gani mawili yaliyoumia siku maduka ya Jessops yalipofungwa? Eleza namna kila moja lilivyoumia.*
Jibu: (a) Wafanyakazi wapatao 1,370 walipoteza ajira. (b) Wateja wenye vocha walikosa bidhaa zilizokwisha kulipiwa, na waliotaka kurudisha bidhaa hawakuhudumiwa.
Zingatia: swali lina sehemu mbili. Ukitaja makundi bila maelezo umejibu nusu.

*5. Taja methali moja inayolingana na habari hii na utoe sababu.*
Jibu: "Dalili ya mvua ni mawingu." Kufungwa kwa maduka kulitanguliwa na dalili nyingi: filamu kutonunuliwa, simu kuenea, na mauzo kuhamia kwenye intaneti.
Zingatia: methali nyingine inaweza kukubalika ikiwa umeitetea. "Kikulacho ki nguoni mwako" inamfaa anayeeleza kuwa kamera ya dijitali iliundwa ndani ya Kodak, kampuni ya filamu.

*6. Fupisha aya ya 4 kwa maneno yasiyozidi 40.*
Jibu: Maduka ya kamera yalipoteza wateja kwa maduka makubwa na tovuti zilizouza kwa bei nafuu. Wateja walipata ushauri dukani lakini walinunua kwingine. Mauzo yakishuka, wasambazaji huingiwa na hofu na kusitisha mali kauli. Duka likikosa bidhaa na fedha, hufungwa kwa muda mfupi.

Hesabu maneno hayo: ni 40 kamili. Angalia kilichoachwa: sukari, sabuni, nusu saa, jina la Amazon. Hiyo ni mifano. Katika ufupisho mfano huondoka na hoja hubaki. Angalia pia kuwa mpangilio wa hoja haukubadilishwa.

E. MAKOSA YA KUEPUKA

1. *Kuhamisha takwimu.* Maduka 187 ni ya Uingereza. Ukiandika kuwa yalifungwa Dar es Salaam au Mwanza, umebuni habari mpya.

2. *Kuchanganya kufa kwa duka na kufa kwa kazi.* Aya ya 5 inasema wazi kuwa upigaji picha haukufa. Mtahiniwa anayeandika "teknolojia iliua upigaji picha" anakwenda kinyume na kifungu.

3. *Kuhubiri.* Swali la ufahamu halikuombi ulaumu simu wala uzisifu. Jibu kwa kilichoandikwa.

4. *Kunakili aya nzima.* Katika ufupisho tumia maneno yako mwenyewe, isipokuwa istilahi kama mali kauli.

F. JARIBIO LA KUJIPIMA

Jibu bila kutazama sehemu D.

1. Mteja aliyemuuliza mhudumu maswali kisha akanunua kwenye intaneti alinufaika vipi? Yeye mwenyewe alipoteza nini duka lilipofungwa? (Sehemu ya pili haimo moja kwa moja katika kifungu, itoe kwa kufikiri.)

2. Fafanua kauli hii kwa mifano miwili kutoka katika kifungu: "Faida hupungua kwa miaka, imani huweza kutoweka kwa wiki moja."

3. Fupisha aya ya 2 na ya 3 kwa maneno yasiyozidi 60.

4. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 kuhusu kazi moja ya mtaani kwako inayotegemea mteja kurudi mara kwa mara: fundi cherehani, mpiga picha za pasipoti, muuza magazeti, fundi redio au nyingine unayoijua. Eleza mteja hurudi kwa sababu gani, kitu gani kinaweza kumfanya asirudi tena, na mwenye kazi afanye nini kabla ya siku hiyo.

Swali la 4 lifanye kwa uangalifu kuliko mengine. Baada ya mtihani, wengi wenu mtachagua kazi au biashara ya kuanzia maisha. Anayejua mteja anarudi kwa sababu gani ataziona dalili mapema na kubadilika angali ana mtaji.