Salfa Iutangulie Ubwiriunga

Mikorosho ya Mtwara na Lindi inachipua, na ubwiriunga nao unakuja. Kuvu hii hushamiri kiangazi, asubuhi zikiwa na ubaridi na umande, na hushambulia sehemu changa: machipukizi, maua na mabibo madogo. Ua lililokwisha kuvaa unga mweupe usilitegemee tena.

Salfa ya unga haipenyi ndani ya mmea. Hukaa juu ya chipukizi na kuzuia kuvu isiote, kwa hiyo chipukizi lililotoka baada ya kupuliza halina kinga. Ndiyo maana tunarudia kila baada ya siku 14, robo kilo kwa mkorosho mkubwa. Anayesubiri hadi shamba zima liwe jeupe anatupa fedha. Ondoa kwanza maotea, kwani ndiyo maficho ya ugonjwa, na pogolea matawi yaliyosongamana ili vumbi lipite.

Puliza alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande bado upo wa kushika unga. Upepo ukianza, zima bomba. Joto likizidi nyuzi 32 salfa huweza kuunguza maua. Na usimwage kwa ukarimu: inayoanguka chini hugeuzwa asidi na bakteria, na udongo wetu wa kichanga hauhimili asidi nyingi. Pima udongo kila baada ya misimu michache, hasa kama unachanganya mihogo au kunde humo.

Wengi huidharau salfa kwa sababu haiui haraka kama sumu za wadudu. Lakini inawasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu asishike bomba. Vaa miwani inayoziba, barakoa, glavu na mikono mirefu, simama upepo ukikupiga mgongoni, kisha oga kabla ya kula.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Vumbi la salfa likitanda hewani, cheche moja yatosha kulilipua. Usivute sigara, wala usiongeze petroli injini ya bomba ikiwa ya moto. Mifuko isilale chumbani mnamolala, kwa sababu salfa ikiungua hutoa gesi inayokaba koo. Ikiwaka, watu watoke kwanza; moto mdogo ufunikwe kwa mchanga mbichi, au maji ya kunyunyiza taratibu. Ukimwaga ndoo kwa nguvu, unatimua vumbi jingine la kuungua. Mifuko mitupu msiwekee mahindi.