Alifu ya Nyumbani: Niliyojifunza Nikiwasomesha Wanangu Ruiru na Thika

Naishi Ruiru, na wakwe zangu wako Thika, Majengo. Wanangu wanakua kati ya nyumba hizo mbili na kati ya lugha tatu: Kiswahili changu cha Mombasa, Kikuyu cha shosho yao, na Kiingereza cha shule. Nilipoanza kuwafundisha herufi za Kiarabu, kabla ya umri wa kupelekwa madrasa, baadhi ya jirani waliniambia lugha zilizopo zinatosha kumchanganya mtoto. Mimi nimeona kinyume. Lugha za nyumbani ndizo mtaji wenyewe.

1. Ulimi kwanza, kalamu baadaye

Mtoto wa Ruiru ana herufi nyingi za Kiarabu mdomoni kabla hajaona hata moja kwenye karatasi. Chukua Githurai, jina ambalo makanga wa Thika Road hulitaja kutwa. Msikilize mzee wa Kikuyu akilitamka: ile g yake ni laini, ni ghaini kamili, na ile th yake ni dhali. Herufi mbili ambazo watoto wengi wa bara huhangaika nazo zimo katika jina la kituo kimoja cha matatu. Hata Thika yenyewe, shosho akiitaja, inaanza kwa dhali. Kwa hiyo simwelezi mwanangu ghaini inatoka wapi kooni. Namwambia, “Sema Githurai kama shosho,” naye anaipata papo hapo.

Kikuyu hichohicho kina sehemu zinazotaka subira. Hakitenganishi l na r, na b au d yake hupenda kutanguliwa na pua, hivyo be huwa mbe na dali huwa ndali. Hapo narudi kwenye Kiswahili: kula na kura, mahali na mahari. Tunayasema kwa zamu mbele ya kioo, mtoto akiutazama ulimi wake. Akikosea hachekwi wala hasimangwi. Kicheko cha mtu mzima humfunga mtoto mdomo kwa muda mrefu, na herufi hazisomeki mdomo ukiwa umefungwa.

Aini, na ile he nzito ya koromeo, hazina mfano katika lugha zetu tatu. Hizo husikilizwa tu, tena na tena, bila kumbana mtoto.

2. Herufi ni 28, maumbo ni 18

Mzazi akitazama orodha nzima huogopa. Lakini be, te na the ni umbo moja. Jimu, he na khe umbo moja. Dali na dhali, re na ze, sini na shini, vivyo hivyo. Ukihesabu maumbo utapata 18, na herufi zenye nukta ni 15. Waandishi wa mwanzo wa Kiarabu waliandika bila nukta kwa sehemu kubwa. Zilienea baadaye ili msomaji asichanganye herufi zinazofanana. Kwa hiyo nachora umbo tupu kubwa, nampa mtoto ndengu chache, naye anaziweka: moja chini, be; mbili juu, te; tatu juu, the. Vidole vidogo visivyoweza bado kushika kalamu vinaweza kushika ndengu, na anayeziweka mwenyewe hasahau nukta ni za juu au za chini.

3. Baba kabla ya jambo lingine lolote

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Akishajua alifu na be tu, mtoto anaweza kuandika “baba”. Ongeza te, ana “bata”. Ongeza dali, ana “dada”. Kuna walimu wasiopenda Kiswahili kiingizwe hapa, na nia yao naiheshimu, kwa kuwa lengo ni msahafu. Lakini babu zetu hawakuona mgongano wowote. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizi karne nyingi. Hati ya Utenzi wa Tambuka ya Pate ni ya mwaka 1728, na Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 kwa herufi hizihizi. Mama akimfunza mwanawe nyumbani kwa Kiswahili na kwa hati ya Kiarabu hajazua jambo jipya.

Faida nyingine inakuja baadaye. Kalamu na kitabu kwetu huanza kwa k moja, ila kwa Kiarabu ya kalamu ni qafu na ya kitabu ni kafu. Mtoto anayezijua tayari vitu hivyo viwili hupata mahali pa kuiweka tofauti hiyo.

4. Sita zisizompa mkono wa nyuma

Alifu, dali, dhali, re, ze na wau huunganishwa na herufi iliyotangulia, lakini haziiungi inayofuata. Fundisha jambo hili kwa majina. Katika Daudi herufi zote zinasimama pekepeke, kwa maana zote ni za kundi hili. Katika Muhammad zote zimeshikana hadi mwisho. Kila mtoto hutaka kujua jina lake liko upande gani.

5. Kulia ni kulia

Mtoto wa PP1 anafunzwa shuleni kuanzia kushoto. Usibishane na shule. Toa daftari la pekee, libandike nyota pembe ya kulia ya kila ukurasa, na mkono uanzie hapo.

6. Saa ya Magharibi

Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua halitangitangi: mwaka mzima Magharibi iko karibu na saa kumi na mbili na nusu. Somo likifuata sala, lina saa yake bila ya kengele. Robo saa yatosha. Mzazi anayerudi kutoka Nairobi usiku atumie Jumamosi asubuhi, na wakiwa safarini pamoja awafungulie watoto kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri (1917–1980), ambaye utulivu wa matamshi yake huiacha kila herufi isikike.

7. Muulize mwalimu anaitaje

Bibi yangu wa Mombasa alisema alifu, bee, tee. Madrasa nyingi sasa husema alif, baa, taa. Nyingine husomesha kwa juzuu ya Baghdadi, nyingine kwa Nurani. Kabla ya kumwandikisha mtoto, kaa na ustadhi umuulize anatumia majina yapi na kitabu kipi, kisha ununue kitabu hichohicho na kukiweka nyumbani, mahali pa juu, pasipo chakula wala viatu.